Mtenda Akae Nje

Huu ni mwezi wa tatu tangu nistaafu, na mke wangu Dama amekwisha kuchoka nami. Asubuhi nikimfuata jikoni kumweleza namna ya kukoroga uji, hunitazama mimi, kisha hutazama mlango. Juzi aliniwekea daftari mezani na kalamu juu yake, akasema niyaandike hayo mambo ya kazini ninayomsimulia kila siku, ili masikio yake nayo yastaafu. Basi nyinyi walimu wachanga wa Kiingereza mliobaki kwenye ile shule ya wasichana hapa kisiwani, mkiona maneno yamezidi, mlalamikieni yeye.

Vyeo sitavitaja. Mshahara pia sitautaja. Mnaujua, ni kama wenu. Nitawaeleza habari ya mkebe wa biskuti, kamba na vibanio vya nguo, na jinsi nilivyokaribia kumharibia mtoto wa watu maisha kwa sentensi moja iliyopangika vizuri mno.

Siku ya kwanza nilifika kutoka Kaloleni na cheti kipya na shati la mikono mirefu lililokwisha kulowa jasho kabla sijalifikia lango. Idara ya Kiingereza ilikuwa chini ya Bi Salma, mzaliwa wa mtaa wa Kibokoni, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, hata darasa zima lilikuwa likinyamaza ili limsikie. Nilidhani atakicheka Kiswahili changu cha Kigiriama. Aliniuliza tu kama nimestaftahi. Nikasema ndiyo, akajua naongopa, akanipa mahamri mawili yaliyofungwa kwenye karatasi ya mtihani wa zamani. Nikala huku nikisoma makosa ya mtoto nisiyemjua.

Ile karatasi haikufika pale kwa bahati. Ilikuwa desturi ya idara. Karatasi za mitihani zilizopitwa na wakati zilifungwa kwa kamba ya katani, bunda kwa bunda, zikapelekwa Kibokoni kwa Mwanakombo, jirani yake Bi Salma, aliyekuwa akipika mahamri asubuhi na kukaanga kachiri za muhogo alasiri. Yeye alipata cha kufungia, sisi tukapata nafasi kabatini, na mara moja moja tukapata mahamri. Hakuna aliyekumbuka nani alianzisha jambo hilo, na kwa hivyo hakuna aliyethubutu kuliacha.

Mada iliyonitoa jasho mwaka ule ilikuwa kauli ya kutendwa. Kutendwa peke yake si kazi. Tatizo ni pale Mwingereza anapoanza kuipandisha mizigo: mbele anaweka "may" au "must" au "should", katikati anapenyeza kielezi, na mtoto aliyekuwa akielewa vizuri anabaki kukodoa macho. Niliandika kanuni ubaoni kwa siku tatu. Siku ya nne Bi Salma aliingia, akakaa nyuma, akanisikiliza mpaka kengele ikalia, kisha akaniletea mkebe wa biskuti.

Ndani mlikuwa na kadi za manila. Nyeupe kwa maneno ya kawaida, manjano kwa visaidizi kama "may" na "must", kijani kwa vielezi. Kila kadi alipewa msichana mmoja, wakasimama mbele ya darasa kwa mstari: "the wall", "may", "have", "been", "badly", "damaged". Ukuta huenda umeharibiwa vibaya. Wakikosea kujipanga, wenzao waliwahamisha. Wakishapatia, kadi zilining'inizwa kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, zikabaki hapo wiki nzima.

Kuhusu vielezi alinifundisha hivi, nami nawapa bure. Kielezi kinachoeleza namna jambo lilivyotendwa, kama "badly", ni mtu wa nyumbani: mpitishe mpaka ndani, akae ubavuni mwa kitenzi kikuu. Kile kinachoeleza msemaji ana hakika kiasi gani, kama "probably", ni mgeni: mketishe karibu na mlango, baada ya kisaidizi cha kwanza. Ndiyo maana tunasema "will probably have been badly damaged", na kila mmoja amekaa mahali pake. Kuna visa vinavyokataa kufuata hilo, lakini mtoto akishika haya mawili, mtihani hautamsumbua.

Palikuwa na kadi moja nyekundu. Iliandikwa "by", na mbele yake mstari mtupu. Hiyo ilikuwa ya mtenda, yule aliyelifanya jambo, na aliyeishika alitaja jina lake mwenyewe. Kwa kuwa sentensi ya kutendwa inaweza kusimama bila mtenda, Bi Salma alikuwa akimtoa nje msichana yule, mlango unafungwa, sentensi inasomwa na wenzake, inasikika nzima kabisa. Hapo darasa linaelewa. Mtenda akae nje, nyumba haibomoki.

Lakini yeye mwenyewe hakuwa akiiamini sana nyumba ile. Muhula wa pili tuliwapeleka wasichana Ngome ya Yesu wakakusanye sentensi za kutendwa kutoka kwa mtembeza wageni, na bwana yule hakutuangusha: ngome ilijengwa, ikazingirwa, ikatekwa, ikatekwa tena, watu wakauawa, mizinga ikaletwa. Wasichana wakiandika, kalamu zinatoka moshi. Na kila sentensi ikiisha, Bi Salma alikuwa akiuliza kwa ile sauti yake ya chini, "Na nani?" Mwanzoni bwana yule alijibu kwa furaha. Kufikia kisima cha ngome alikuwa akimkwepa. Tulipokuwa tukirudi Bi Salma aliniambia kuwa Kiingereza cha ofisini kinapenda kutendwa kwa sababu mtu hujificha humo kama mwizi chini ya kitanda, na mwalimu anayewafundisha watoto kukiandika lazima awafundishe pia kuinama na kuchungulia. Alinizoeza kuandika pembeni mwa insha, kwa wino mwekundu, maneno mawili: "By whom?" Yaani, na nani? Nimeyaandika maneno hayo mpaka kidole kikaota sugu.

Bi Salma alistaafu, mkebe akaniachia mimi, na jukumu la kufunga mabunda likaniangukia pamoja nao. Miaka ikapita, kadi zikachakaa, nikazikata nyingine. Ndipo akaja Tima.

Tima alikuwa wa Kibokoni pia, binti wa fundi cherehani, mrefu, mchokozi, mwenye akili ya haraka na mdomo wa haraka zaidi. Alipokuwa kidato cha tatu, kila nikiuliza nani atashika kadi nyekundu, wenzake walimsukuma yeye, kwa sababu alijua kusimama nje akawachekesha wapitao. Siku moja alirudi ndani bila kuitwa.

"Mwalimu," akauliza, "huyu mtenda atakaa nje mpaka lini?"

"Mpaka ahitajiwe," nikamjibu, na darasa likacheka. Nikajiona nimejibu vizuri.

Mwaka uliofuata, muhula wa pili, kidato cha nne walifanya mtihani wa majaribio. Nilisahihisha karatasi za wasichana arubaini na mmoja, nikazitia kabatini Ijumaa zikingoja kuingizwa alama. Jumatatu nafungua kabati, hola, karatasi za mtihani hazipo. Hata bado sijainua sauti, chumba cha walimu kilikuwa kimeshatoa hukumu. Tima alikuwa ameingia Ijumaa alasiri kuleta madaftari, tarishi akamwona akitoka, na hapakuwa na mwalimu ndani. Tena ni yeye aliyekuwa akitangaza shule nzima kwamba swali la mwisho aliliacha tupu. Akaulizwa, akasema hakugusa kitu. Akaulizwa mara ya pili, akajibu kwa ukali, na ule ukali ukahesabiwa kuwa ushahidi.

Naibu wa mwalimu mkuu, Bi Nduku, alikuwa mtu wa Machakos, mwadilifu, asiyependa jambo lilale. Alinipa kazi ya kuandika barua kwa bodi na nakala kwa mzazi, kama ilivyokuwa ada, maana Kiingereza changu ndicho kilichokuwa kikitolewa nje wageni wakija. Nikaandika: "The marked scripts must have been deliberately removed." Lazima karatasi zilizosahihishwa ziwe zimeondolewa kwa makusudi. Kisaidizi mahali pake, kielezi ubavuni mwa kitenzi chake, na mtenda nje ya mlango. Niliisoma mara mbili kwa raha, Mungu anisamehe. Sentensi iliyofuata ilisema Tima amesimamishwa masomo mpaka bodi ikutane Jumanne ya wiki ya pili, iamue kama atafukuzwa kabisa. Mtihani wa kitaifa ulikuwa muhula mmoja mbele. Akifukuzwa wakati ule, hakuna shule ambayo ingempokea kwa wakati.

Jumatano mama yake alikuja. Vipande vya uzi vilikuwa vimeng'ang'ania kwenye buibui lake, nikajua ameinuka moja kwa moja kutoka kwenye cherehani. Aliamkia kwa utaratibu, akauliza hali yangu, ya mke wangu na ya watoto, na mimi nikijibu huku nikiona aibu kwamba ameulizia wangu kabla ya wake. Kisha akaitoa barua, akaniomba nimsomee kwa Kiswahili. Nikamsomea.

"Zimeondolewa na nani?" akauliza.

Nikasema barua haikutaja.

"Wewe ulimwona Tima akizitoa, Mwalimu?"

Nikasema sikumwona. Alikunja barua kufuata mikunjo yake ya zamani, akaitia mkobani, akaniaga vizuri kabisa. Nilitamani anitukane. Usiku ule na usiku uliofuata usingizi haukuja, lakini bado nilijiambia kwamba karatasi haziwezi kuota miguu, na kama si Tima, basi nani?

Jumapili, baada ya kanisa na chakula, Dama alitaka tukapunge upepo wa bahari Mama Ngina. Watu walikuwa wamejaa, watoto wanakimbizana, madafu yanakatwa. Mwanakombo siku hizo kachiri zake alikuwa akizileta huku alasiri kwenye sanduku la kioo, na tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku, karatasi ndiyo ilikuwa roho ya biashara yake. Tukanunua, pilipili na ndimu kwa wingi, tukaketi ukutani. Nilikula mpaka nikafika chini. Hapo chini, kati ya mafuta na chembe za chumvi, palikuwa na wino mwekundu. "By whom?" Mwandiko ulikuwa wangu.

Dama aliniuliza kama ni pilipili. Niliikunjua karatasi gotini, nikaona swali la pili la mtihani wetu wa majaribio, nikaona jina la msichana wa kidato cha nne, na Ijumaa ile yote ikanirudia. Nilikuwa nimefunga bunda la karatasi za zamani kumpelekea Mwanakombo. Bunda la mtihani mpya nilikuwa nimelifunga kwa kamba ileile, nikaliweka kando yake. Miwani ilikuwa kichwani, ninaitafuta mezani. Nikabeba lililokuwa karibu, nikalipitisha mwenyewe Kibokoni kwa mikono yangu miwili, nikashukuriwa, nikapewa mahamri. Lile la zamani likabaki kabatini, na Jumatatu nililiona nikalidhani ni jingine linalongoja zamu.

Nilimrudia Mwanakombo mbio. Akasifu karatasi za safari hii, akasema ni nene, hazivuji mafuta. Zilibaki tisa tu. Nilipogeuka niliona familia nzima imekaa kwenye nyasi, kila mtu na swali lake mkononi. Dama alicheka mpaka akanishika bega, kisha akaniangalia usoni akaacha, kwa sababu habari ya Tima alikuwa ameisikia kwangu wiki nzima.

Tulikwenda Kibokoni kabla ya magharibi. Bi Salma alikuwa barazani na buli la kahawa. Aliniambia, "Ndoo ukae," yaani njoo, na nilipomweleza alicheka naye, akafuta machozi kwa ncha ya leso, akasema na mato manne, macho na miwani, bado sioni. Halafu akaniuliza ni mtoto gani aliyeshikwa kwa ajili hiyo. Nilipomtajia Tima, binti wa fundi wa nyumba ya tatu kutoka pale, kicheko kilikatika.

"Katana mwanangu," akasema, "ushaandika barua ya kumtoa mtoto. Sasa andika ya kumrudisha, na hii ya pili uitie jina."

Ni rahisi kusema. Mimi niliona haya, tena haya ya kweli, ya kuchoma masikio. Bodi sikuiogopa sana. Niliwaogopa wasichana wale arubaini na mmoja, ambao nilikuwa nimewapigia kelele mwaka mzima kuhusu uangalifu, na nilimwogopa yule mama aliyeniaga vizuri. Nilirudi nyumbani nikijua kwamba ingewezekana kabisa kuimaliza kesi kimyakimya, kwa kukosa ushahidi, na watu watatu tu ndio wakajua ukweli.

Jumatatu nilimweleza Bi Nduku. Aliangalia dirishani, na bila shaka alikuwa akijizuia kucheka au kulia. Kisha akanitolea njia, kwa wema tu. Akasema si lazima niiaibishe idara. Tuandike kwamba karatasi "were inadvertently misplaced", yaani ziliwekwa pasipostahili kwa bahati mbaya, mtoto arudi darasani, mambo yaishe. Nikakaa nikaiandika. Ilikuwa nzuri. Kielezi kirefu, laini, kimekaa ubavuni mwa kitenzi, na nje ya mlango nimesimama mimi, salama, hakuna anayeniona.

Niliitazama labda dakika kumi. Nilimwona akilini mama Tima akiikunja nayo kufuata mikunjo, akiuliza ziliwekwa na nani, na mtaa wa Kibokoni ukiendelea kujibu swali hilo kwa jina la binti yake. Nikaichana. Nikaandika "I took the scripts", maneno manne ambayo mtoto wa darasa la nne angeyaandika, na chini yake nikaeleza yote, mpaka kachiri. Bi Nduku alisoma, akauliza kama ninajua kwamba wasichana watajua. Nikasema najua. Akatia sahihi.

"Basi ipeleke mwenyewe," akasema.

Niliipeleka. Mama Tima aliacha kuikanyaga cherehani niliposema hodi. Safari hii sikungoja aniombe. Nilimsomea kwa Kiswahili nikiwa nimesimama. "Mimi, Katana, ndimi niliyezitoa karatasi. Tima hakufanya kosa lolote." Mama Tima aliuweka kando mshono wake. Kisha akasema kwamba kwa siku saba mtoto wake hakutoka nje ya mlango ule, hata dukani, kwa sababu watu walikuwa wakimtazama. Nikamwomba radhi. Akaniambia radhi hiyo ina mwenyewe, akamwita Tima. Tima alikuja mpaka kizingitini, akanisikiliza, akaitikia kwa kichwa, akarudi ndani. Yule mtoto wa mdomo wa haraka hakunipa hata neno moja.

Jumanne bodi haikuwa na la kuamua. Tima alirudi darasani, akakaa mahali pake. Nilikuwa nimekwisha kuwaambia wenzake asubuhi kwamba karatasi zao nilizitoa mimi, na kwamba mtihani utarudiwa. Waliguna wote kwa pamoja, na guno lile nililistahili. Kipindi cha marudio kilikuwa ni kauli ya kutendwa, ratiba haina huruma. Niliuweka mkebe mezani nikageuka kufuta ubao. Nilipogeuka tena, Tima alikuwa ameufungua.

Sikumkataza. Alichagua kadi polepole, zilizokosekana akaziandika nyuma ya nyingine, akawagawia wenzake sita, akawapanga mstari: "the scripts", "must", "have", "been", "deliberately", "removed". Darasa likanyamaza kama enzi za Bi Salma. Kisha akatoa ile kadi nyekundu, akanijia, akanitia mkononi. Akaelekeza mlango.

Nikatoka. Mlango ukafungwa nyuma yangu. Bi Nduku alipita ukumbini, akaniona nimesimama na kadi, akauliza kuna nini. Nikamwambia nimetolewa nje. Akaitazama kadi, akautazama mlango, akaendelea na safari yake.

Nilisikia darasa likiisoma sentensi, sauti arubaini kwa pamoja. Nikamsikia Tima akimwambia "must" akaketi. Akamwambia "deliberately" naye akaketi. Wakaisoma tena, ikawa fupi, karatasi zimeondolewa, ikakoma hapo. Niliposikia kitasa kinazungushwa, nikanyoosha shati, mtu mzima mimi.

"Ingia, Mwalimu," akasema Tima. "Unahitajiwa."

Nikaingia, nikasimama mwisho wa mstari, nikainua kadi yangu juu na kutaja jina langu.